Kasumba na Chaguo: Kujikana kwa Ocol katika Tungo za Okot p'Bitek

Neno *kasumba* limepewa kazi kubwa katika uhakiki wa fasihi ya Kiswahili tangu nchi za Afrika Mashariki zilipojipatia uhuru. Asili yake ni afyuni, ile dawa ambayo mvutaji wake husinzia huku akijiona yumo peponi. Kutoka hapo neno likahamishiwa kwa Mwafrika aliyefunzwa kuvidharau vya kwao na kuvitukuza vya wageni. Mhakiki akutanapo na mhusika anayekiona kinyaa chakula cha mamake, au anayelionea haya jina la ukoo wake, au anayejipaka dawa za kuikwangua ngozi, hutamka kwamba mhusika huyo ana kasumba, na mara nyingi uchambuzi hukomea papo hapo. Neno ni zuri na limewafaa wengi. Hata hivyo limebeba ndani yake dhana ambayo haijatazamwa vya kutosha. Aliyeleweshwa si mwenye kosa. Kosa ni la aliyemlevya. Ulevi ukimtoka atarudi kuwa mtu kama watu wengine. Hivyo kila mhusika anayeitwa mwenye kasumba huwa amekwisha kusamehewa nusu ya madeni yake kabla hajaulizwa lolote.

Makala haya yanashikilia kwamba dhana hiyo haitoshi kuueleza ushairi wa Kiafrika unaohusu mtu mweusi kuukana weusi wake, na kwamba haitoshi hasa kumweleza Ocol, mume wa Lawino. Wahakiki waliompima Ocol kwa kipimo cha kasumba wamemwona mgonjwa. Okot p'Bitek alimchora mtu mwenye akili timamu, ajuaye anachokikana na ajuaye pia faida yake.

Kwanza ni vyema kuikumbuka historia ya tungo zenyewe, kwa sababu ina uzito katika hoja. Okot, aliyezaliwa Gulu, kaskazini mwa Uganda, mwaka 1931 na kufariki Kampala mwaka 1982, aliutunga *Wimbo wa Lawino* kwa Kiacholi, akaufasiri mwenyewe kwa Kiingereza. Tafsiri hiyo ilichapishwa Nairobi mwaka 1966, na matini ya Kiacholi ikafuata mwaka 1969. Mwaka 1975 ilitoka tafsiri ya Kiswahili ya Paul Sozigwa; na mwaka 2001 Taban lo Liyong, ambaye hakuridhika na Kiingereza cha mtunzi, alitoa tafsiri yake mwenyewe kutoka Kiacholi. *Wimbo wa Ocol*, uliotolewa mwaka 1970, ulitungwa moja kwa moja kwa Kiingereza. Maana yake ni kwamba Lawino ana lugha ya mama na Ocol hana. Kila mfasiri wa Lawino anaweza kurudi kwenye Kiacholi kuhakiki neno. Mfasiri wa Ocol hana pa kurudi. Ikiwa Okot alikusudia hivyo au hakukusudia, sadfa hiyo imekaa mahali pake kabisa.

Ushairi wa watu weusi ulikwisha kulishughulikia suala hili kabla ya Okot, na tofauti kubwa baina ya washairi haimo katika msimamo wao, kwa kuwa karibu wote wanakubaliana kwamba kujikana ni msiba. Tofauti imo katika swali la nani anayesema. Katika shairi la David Diop liitwalo "Le Renégat", lililomo katika diwani yake ya mwaka 1956, *Coups de pilon*, anayesema ni mshairi, na aliyeasi rangi yake anasemwa usoni pake. Anaitwa ndugu, lakini undugu huo ni wa kumchomea. Anaonyeshwa miwani yake ya dhahabu na mavazi yake ya karamuni, na jinsi anavyoyameza mapambio ya mabwana zake. Hapewi nafasi ya kujibu. Shairi ni kali na limefaulu kwa ukali wake, lakini msomaji akilifunga kitabu hajui mtu yule alikuwa akifikiri nini. Anaijua miwani tu.

Kinyume chake ni Caetano da Costa Alegre wa São Tomé. Huyu alizaliwa mwaka 1864, akaenda Lisbon akiwa kijana, akasomea udaktari, na akafa kwa kifua kikuu mwaka 1890 kabla hajatimiza miaka thelathini. Mashairi yake yalikusanywa na rafiki yake na kuchapishwa mwaka 1916. Katika mashairi hayo kuna nafsi ya kwanza isiyojificha: kijana mweusi aliyempenda msichana asiye mweusi, naye anailinganisha rangi yake mwenyewe na nguo za msiba, na rangi ya msichana na nuru ifurahishayo. Anajihukumu kuwa mwili wake wote ni dosari. Hapana kejeli hapa, wala hapana mshairi mwingine nyuma ya pazia anayemcheka msemaji. Ni uchungu mtupu. Kwa mtu kama huyu neno kasumba, kama lingalitumika, lingalikuwa na haki yake, kwani Costa Alegre hakupata faida yoyote kwa kujidharau. Alikuwa peke yake katika mji wa watu waliomtazama kila alipopita, na macho yao yakawa macho yake.

Mfano wa tatu unatoka ng'ambo ya bahari, lakini hauwezi kuachwa. Léon-Gontran Damas wa Guyane, katika diwani yake *Pigments* ya mwaka 1937, ana shairi liitwalo "Hoquet", yaani kwikwi. Ndani yake mama anamfunza mwanawe adabu za mezani, sala, Kifaransa cha Ufaransa, na kumkataza banjo kwa kuwa mtoto wa watu wa hali yao hupiga fidla. Somo lote linamrudia mwana akiwa mtu mzima, likimkatiza kama kwikwi. Hapa anayefundisha kujikana ni mama, na mwana ndiye anayekataa. Jambo hili lishikwe, kwa sababu Ocol naye atamwita mama yake, ila kwa shauri jingine.

Okot alifanya jambo ambalo hakuna hata mmoja wa hao watatu alilolifanya. Alimpa nafasi ya kwanza mtu aliyeumizwa na kujikana kwa mwenziwe, akamwacha aseme kwa sehemu kumi na tatu, kisha, miaka minne baadaye, akampa mshtakiwa naye kinywa. Kwa hiyo msomaji anamsikia Ocol mara mbili: kwanza ndani ya kinywa cha mkewe, kisha kwa kinywa chake.

Katika *Wimbo wa Lawino* matusi ya Ocol huja yakiwa yamenukuliwa. Msomaji huambiwa kwamba mume anawaita watu weusi kuwa wa kale, wajinga, wachafu, na kwamba mkewe hafai kwa kuwa hakusoma. Swali la haki linazuka: je, mke aliyeachwa ni shahidi wa kutegemewa? Lawino mwenyewe amelijua swali hilo. Katika sehemu ya pili, baada ya kumchora Clementine, mke wa kisasa, na midomo yake iliyopakwa rangi na uso ulioliwa na dawa hata ukawa wa mabaka, anamwomba msikilizaji asidhani kwamba ni wivu unaomtia makali. Kisha, punde tu, anakubali kwamba wivu kidogo anao. Wahakiki kadhaa wamepita hapo haraka, nao wangefaa kusimama. Kukubali huko kunamwongezea Lawino imani badala ya kumpunguzia, kwa sababu ni jambo ambalo Ocol hatalifanya hata mara moja. Hataungama udhaifu wake wowote.

Jambo jingine katika kauli ya Lawino linahitaji kutazamwa kwa makini zaidi, nalo linahusu rangi hasa. Mtu aliyezoea ushairi wa *Négritude*, kama ule wa Léopold Sédar Senghor aliyemsifu mwanamke mweusi katika *Chants d'ombre* mwaka 1945, atatarajia kwamba mke anayetetea Uafrika atausifu weusi. Lawino hafanyi hivyo. Weusi anautaja, hasa anaponukuu maneno ya mumewe au anapolinganisha nywele za watu wa mataifa mbalimbali. Lakini hauinui kuwa bendera. Anachokitetea ni vitu na mambo: ngoma ya orak, chungu na jiwe la kusagia, namna ya kusuka nywele, majina, jinsi ya kumnyonyesha mtoto bila kutazama saa, dawa za mganga, na mboga ya *malakwang*. Anarudia pia kwamba hazidharau desturi za wageni kwa wenyewe. Anachouliza ni kwa nini mumewe azidharau zake. Kwa Lawino mtu ni Mwacholi wa ukoo fulani, binti wa fulani, aliyevuma kwa kucheza ngoma. Rangi si hesabu aliyoizoea.

Rangi ni hesabu ya Ocol. Katika *Wimbo wa Ocol*, baada ya kumwambia mkewe afungashe virago, anaigeukia Afrika nzima na kuitaja kama ghala lililojaa miiko na mila, jitu lililolala, lenye maradhi ya kudumu, lililosongwa na ujinga na kufungwa kwenye mwamba wa umaskini. Orodha hiyo inamfikisha kwenye kilio anachomlilia mama yake: akiuliza ilikuwaje yeye akazaliwa mweusi. Mahali hapa ndipo wasomaji hugawanyika. Wako wanaosema Okot amemkejeli Ocol kwa kumfanya alie kama mtoto mchanga. Wako wanaosema hapo ndipo penye uchungu wa kweli, mahali pamoja ambapo Ocol anaivua tai yake.

Jibu linapatikana kwa kuiangalia orodha iliyotangulia kilio. Maradhi, ujinga, umaskini: msomaji wa Afrika Mashariki hawezi kukosa kuwatambua. Hao ndio maadui watatu waliotajwa katika kila mkutano wa hadhara wa miaka ya 1960, Kenya, Tanzania na Uganda pia, na serikali zote tatu ziliwatangazia vita. Ocol amewachukua maadui hao watatu kutoka jukwaani, amewajumlisha, na jumla yake ameipa jina la rangi. Vita ambavyo vilipaswa kupigwa dhidi ya njaa na malaria vimegeuzwa kuwa vita dhidi ya ngozi. Hili si tendo la mlevi. Ni ujanja wa mwanasiasa, hata ikiwa mwenye kuutenda anaumia kwelikweli wakati wa kuutenda. Na uchungu na ujanja vinaweza kukaa katika moyo mmoja bila ya kugombana. Mwanasiasa aliyeahidi hospitali, na hospitali haikujengwa, hupata nafuu akigundua kwamba kosa ni la weusi. Weusi haukumpigia kura, wala hautamwuliza.

Ndiyo sababu sehemu za mwisho za utungo huo hazifai kuachwa kando, kama zinavyoachwa mara nyingi na wanaolitafuta suala la utamaduni tu. Ocol anasema waziwazi kwamba ana nyumba mjini na shamba kubwa, na anawauliza wanakijiji, kwa dharau, kama kuna mtu aliyewadanganya kwamba asubuhi ya Uhuru umande wa njiani ungegeuka dhahabu. Lawino alikwisha kulitaja jambo hili upande wa pili, katika sehemu ya kumi na moja, aliposimulia jinsi Ocol na nduguye walivyotenganishwa na vyama vyao viwili huku umaskini ukiwakanyaga watu kama nyati. Alimwona mumewe akizishughulikia siasa za kuwakomboa watu ambao hawezi kula nao sahani moja. Kwa hiyo kujikana kwa Ocol kuna mshahara. Ukikata uhusiano na wa kwenu kwa kuwaita wa kale, umekata pia deni lako kwao. Costa Alegre alijidharau akafa maskini wa mapenzi. Ocol amejidharau akanunua shamba. Kuwatia wote wawili katika chungu kimoja kiitwacho kasumba ni kumdhulumu wa kwanza na kumpendelea wa pili.

Msomaji aliyelelewa na ushairi wa Mvita ana kipimo kingine cha kumpimia Ocol, ambacho hakijatumiwa inavyostahili: kipimo cha malumbano. Tangu enzi za Muyaka bin Haji, aliyeishi kuanzia mwaka 1776 hadi 1840, na kabla yake, mjibuji katika ushairi wa Kiswahili hana uhuru wa kusema atakalo. Sharti aishike kauli ya mwenziwe, na mara nyingi vina vyake pia, aigeuze, amrudishie. Anayejibu jambo ambalo hakuulizwa hukubali kwa kinywa chake kwamba ameshindwa. Kwa sheria hiyo Ocol ameshindwa vibaya. Lawino alimwuliza juu ya nywele, chakula, sala, saa, kifo, watoto, na kitabu. Alimwuliza, kwa mashaka ya mtu mwenye akili, udongo uliomfinyanga mtu wa kwanza ulichimbwa wapi. Ocol hajibu. Clementine, ambaye ndiye aliyeleta moto nyumbani, hatetewi hata kidogo. Kitu kimoja tu alichokishika ni boga. Lawino alikuwa ameitumia methali ya Kiacholi isemayo kwamba boga lililoota katika mahame haling'olewi. Ocol akalichukua boga lilivyo, kama mmea, akaahidi kuling'oa na kuyafyeka mahame yenyewe. Aliyesoma hadi Chuo Kikuu amesahau kusoma methali. Katika utungo mzima hakuna mzaha uliokatwa vizuri zaidi ya huu, na Okot anaupitisha bila kumkonyeza msomaji.

Kipimo cha ngonjera nacho kinasaidia, kwa njia ya kinyume. Katika ngonjera kama zilivyoenezwa na Mathias Mnyampala, mjinga na mjuzi hubishana, na mwishowe mjinga hukiri na kuongoka. Walimu wengi wamewasomesha Lawino na Ocol kana kwamba ni ngonjera ndefu, wakiwauliza wanafunzi nani ameshinda. Lakini hakuna anayeongoka hapa. Lawino anamaliza kwa kuagiza tiba: koo la mumewe lisafishwe, masikio yazibuliwe, macho yaoshwe, ulimi ukwanguliwe, kisha akawaombe radhi wazee na kupewa mkuki atakaouamini. Naam, hapa Lawino mwenyewe anaingia katika dhana ya ugonjwa. Anaamini, au anataka kuamini, kwamba mumewe akinyweshwa dawa atapona. Ni tumaini la mke. Jibu la Ocol linaonyesha kwamba si mgonjwa, na kwamba tiba ile haina mahali pa kumpatia. Anatangaza kuwa atawatia mbaroni watunzi na wacheza ngoma wa vijijini, atawanyonga maprofesa wa elimu ya mila za watu pamoja na walimu wa historia ya Afrika, na kwamba atawajengea sanamu waasisi wa Afrika ya leo, akimtaja Leopold wa Pili wa Ubelgiji na Bismarck. Yule aliyeifanya Kongo kuwa shamba lake la mpira, na yule aliyewakaribisha wenziwe Berlin mwaka 1884 waje kugawana. Hapa kejeli ya Okot ni nzito, na pengine imezidi kipimo. Ocol anakaribia kuwa karagosi, na lawama hiyo ya wahakiki ina ukweli. Lakini karagosi huyu anasema jambo ambalo hata Lawino hakulisema: kwamba mipaka anayoitawala ilichorwa na hao, na kwamba bila wao yeye hana kiti. Kwa hesabu ya shukrani amewalipa wanaostahili.

Ikiwa hoja hii inakubalika, linabaki suala linalowahusu wanaoshughulika na Kiswahili, nalo si dogo. Ocol anapoingizwa katika Kiswahili, je, ni matusi gani yatakayotiwa kinywani mwake? Neno la kwanza linalokuja ni *mshenzi*. Ni neno sahihi kwa ukali, na mfasiri hana budi kulifikiria. Lakini neno hilo halikungoja Wazungu. Katika karne ya kumi na tisa lilikuwa midomoni mwa watu wa pwani na wa misafara walipowataja watu wa bara, ambao Waacholi nao ni miongoni mwao. Dhidi yake liliwekwa neno *ustaarabu*, ambalo asili yake katika Kiarabu inahusu kuwa kama Mwarabu. Kiingereza cha Ocol kinamtazama Mzungu peke yake. Kiswahili cha Ocol, kwa hiari au bila hiari, kinamtazama Mzungu kwa jicho moja na pwani kwa jicho la pili. Mke wa Kiacholi akiitwa mshenzi katika lugha hii huwa ametukanwa mara mbili, na mara ya kwanza ilitangulia kuja kwa shule ya misheni. Wako watakaosema maneno yamekwisha kupoteza asili yake, na kwamba mtoto wa shule asemaye *ustaarabu* hamfikirii Mwarabu hata kidogo. Hiyo ni kweli kwa mtoto wa shule. Mshairi hana ruhusa hiyo, na mfasiri wa mshairi pia. *Utamaduni*, neno lililopendekezwa na wengi mahali pake, limetoka huko huko katika Kiarabu, na maana yake ya asili inatokana na mji. Kwa Lawino, mwanamke wa kijijini, si nafuu kubwa.

Hata hivyo historia hiyo ya pwani inaipa nguvu hoja ya chaguo. Unguja, waliojiandikisha kuwa Waswahili katika sensa ya mwaka 1931 walikuwa wachache mno wakilinganishwa na wale wa sensa ya mwaka 1924. Watu hawakuhama wala hawakufa, walibadili jina. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia mgao wa chakula visiwani ulifuata asili ya mtu, ikawa jina la taifa lake ndilo linaloamua kama atapata mchele au mahindi. Serikali ya kikoloni ilipoyapa majina bei, watu walinunua jina lililowafaa. Hakuna mwenye haki ya kuwacheka, kwa kuwa njaa si jambo la kuchekwa. Lakini kusema kwamba walikuwa wamelevywa ni kukosa kuiona akili yao. Methali isemayo kwamba mwacha mila ni mtumwa hutajwa kila suala hili linapozuka, na wanaoitaja hawakumbuki kila wakati kwamba katika miji ile ile iliyoitunga, wengi wa watumwa hawakuacha mila kwa kupenda. Waliachishwa.

Shaaban Robert ndiye mshairi wa Kiswahili aliyelishika suala la rangi kwa jina lake, katika shairi lake "Rangi Zetu". Hoja yake ni ya imani: rangi zote ni kazi ya Muumba mmoja, kwa hiyo hakuna iliyo dosari. Wahakiki wa miaka ya 1970 waliopenda ushairi wa mapambano waliona jibu hilo kuwa laini mno, nao kwa kiasi wana haki. Haligusi bei ya mahindi. Lakini kwa Costa Alegre ndilo jibu lililokuwa likihitajika. Kijana anayejiita dosari mwili mzima hahitaji kuelezwa juu ya matabaka. Anahitaji kuambiwa kwamba fundi aliyemuumba hakukosea. Kwa Ocol jibu hilo halifai kitu, maana hajamlalamikia fundi.

Tofauti hii inajitokeza wazi mfasiri anapofika kwenye kile kilio cha Ocol kwa mama yake. Kiswahili kinampa vitenzi viwili. Akimfanya Ocol aulize juu ya *kuumbwa* mweusi, papo hapo Mungu anaingia, na msikilizaji wa Kiswahili atamjibu Ocol kwa sauti ya Shaaban Robert hata kama hakukusudia. Kilio kitakuwa kilio cha Costa Alegre, na Ocol atasamehewa. Akimfanya aulize juu ya *kuzaliwa* mweusi, mama anabaki peke yake mbele ya mwanawe, mwanamke wa Kiacholi aliyemzaa, akamnyonyesha bila kutazama saa, akampa boga la mahame. Naye ndiye anayetakiwa ajieleze. Kiingereza cha Okot kimetumia kuzaliwa. Mfasiri anayekaa Nairobi au Dar es Salaam, mwenye sikio la pwani na mazoea ya mashairi ya sifa za Mola, atavutwa sana upande wa kuumbwa, kwa kuwa ndiko mizani na vina vinakolala vizuri, na ndiko adabu iliko, maana haifai mtu kumwuliza mamake swali kama hilo mbele za watu. Ocol amemwuliza mbele za watu.